Ile Chupa ya "Chakula cha Watoto"

Mama watoto,

Umetoka bila kuaga, kwa hiyo naandika. Nakwenda kwa fundi wa matangi ya samaki kuomba mbegu nyingine ya vijidudu vya kulisha samaki wachanga. Ile chupa iliyobaki dirishani usiioshe! Maji yake ni ya kijani kwa sababu yana uhai, si uchafu. Saa sita wape samaki wachanga kijiko kimoja tu, polepole; vijidudu vilivyobaki humo ni vichache, havitafika kesho.

~~Umeniua leo.~~

Najua nilikupigia kelele mbele ya mtoto. Lakini wiki tatu nzima nimelea vile vijidudu, vidogo kuliko vumbi, maana samaki wale hawana kingine wanachoweza kumeza, na wewe ukavimwaga kwenye sinki kwa mkupuo mmoja. Wakishinda njaa hadi kesho, habakii hata mmoja.

Halafu nimeiokota chupa yenyewe kwenye taka, nikasoma mwandiko wangu: "Chakula cha watoto." Na ni mimi niliyeiacha mezani, kando ya kikombe cha binti yetu. Mama gani angeiona hapo asiimwage?

Sabuni iwe mbali na dirisha, tafadhali.

Sasa hivi, nikiandika, binti yetu amekuja kuniuliza, "Baba, watoto wameshakula?" Nikamwambia bado, ndiyo nakwenda kuwatafutia.

Akasema, "Na mimi bado."

Nimevua viatu. Namkaangia yai kwanza, kisha tunakwenda wote.

Baba ~~samaki~~ yake