Mkono Uliomnyima Mwangi

Mama,

Mulembe. Huku Kitale, mtaani Matisi, tumeamka salama. Mvua ilinyesha jana mchana, na mama mwenye nyumba bado anagombana na jirani juu ya kuku wanaokula sukuma wiki yake. Najua hayo ndiyo ungeuliza kwanza, kwa hiyo nimeyamaliza. Sasa kaa vizuri. Nina habari, na ni habari ya furaha, ingawa kila nikianza kuiandika nacheka, halafu nalia, halafu naenda kupika chai.

Tulienda ng'ambo, Mama. Mimi na Mwangi. Usifikirie Mombasa. Tulienda Kurasao, kisiwa kidogo huko Karibea, mbali hata tulibadilisha ndege mpaka nikasahau ni siku gani. Unamkumbuka Piet, yule Mholanzi daktari wa ng'ombe aliyekuja Bumula akatibu ndama wako, ukampa maziwa ya mgando akamaliza kibuyu kizima? Piet amefunga ndoa. Amefunga na mwanamume, anaitwa Ruben, mzaliwa wa kisiwa hicho. Huko sheria inawaruhusu. Alitutumia tiketi na ujumbe kwamba hawezi kuoa bila watu wa Kitale kuwepo.

Kabla sijaendelea, niseme lile ambalo mimi na wewe hatukuwahi kulisema. Mwangi si mtu tu tunayegawana naye kodi. Ulijua. Ulijua tangu ile wiki uliyokuja kwetu kutibiwa macho. Macho yenyewe yalikuwa na ukungu, lakini sidhani kuna kitu kilichokupita ndani ya ile nyumba.

Kabla ya wiki ile ulikuwa unampenda waziwazi. Akifika Bumula unamshika mkono kwa mikono yako miwili, humwachi, unamuuliza bei ya mahindi huko kwao Moi's Bridge, unamwita "Mwangi wangu" mpaka mimi naona wivu. Baada ya wiki ile, mambo yakageuka. Tulipokuja Krismasi alinyoosha mkono, na wewe ukauficha wako ndani ya leso. Ukamsalimia ukiwa umeangalia kando, ukaingia jikoni, na hukutoka. Tulikula peke yetu sebuleni. Chakula ukakituma na mtoto wa dada Nafula. Jina lake hukulitaja tena. Ukitaka kumjulia hali, unaniuliza, "Huyo mtu wako, amekula?"

Mwangi ni Mkikuyu, amekulia katikati ya magunia ya mahindi, na kwao mtu akikupenda anakupa mkono. Tuliporudi Kitale alisimama mlangoni. "Ameshajua," akasema. "Na amenichukia." Nikatafuta ufunguo. Nilidhani hivyo pia.

Basi ulipotuacha, hakuja kukuzika. Alinipigia pasi suruali nyeusi, akanifungia begi, akanisindikiza hadi getini. "Siwezi kwenda kumsumbua mtu aliyenikataa," akasema. Nilisimama kando ya kaburi lako na Nafula na mumewe Barasa, na watu wote wale wa kanisa, na bado nilikuwa peke yangu. Hilo liliniuma, Mama. Tangu siku hiyo kila nikitaja kwenda Bumula, Mwangi anatafuta kazi ya kufanya. Nilianza kuogopa kwamba nitakuwa na nyumbani kuwili maisha yangu yote, na kwamba watu niliowapenda kuliko wote hawatakaa mahali pamoja hata mmoja wao akiwa chini ya udongo.

Hivyo ndivyo tulivyopanda ndege.

Sasa nicheke kidogo. Tulipofika nyumba ya wageni, mwenyewe, mama mmoja mnene mwenye maua kichwani anayeitwa Dona Mirna, akatuuliza tunataka kitanda kimoja au viwili. Mwangi akajibu "Viwili!" hata swali halijaisha. Si unajua, miaka yote tukisafiri, iwe Eldoret, iwe Kisumu, jibu ni hilo, linatoka lenyewe kama amina. Tukapewa chumba, kitanda kimoja ukutani, kingine huko dirishani. Kila mtu akakaa kwenye chake tukitazamana kama wagonjwa wa wodi. Halafu Mwangi akasema, "Wafula, kwani hapa tunajificha nani?" Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Akashuka mwenyewe kuomba tubadilishiwe. Alirudi akitembea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Dona Mirna alikuwa amemwambia, "Sawa, mwanangu," akampa ufunguo mwingine. Basi. Hakuongeza lolote.

Bahari yao ina rangi ya ile sabuni ya buluu ya kufulia. Niliingia mpaka magotini nikaona inatosha. Mwangi aliingia mzima, akanywa maji ya chumvi, akatoka akilalamika kana kwamba kuna mtu wa kumrudishia nauli. Na tulishikana mikono njiani, Mama. Si vile wanaume wa kwetu wanavyoshikana wakipiga stori. Tulishikana vile ninavyotaka kumshika. Siku ya kwanza nilikuwa nageuka nyuma kila hatua. Mwanamke mmoja muuza barafu akatupigia kelele, nikamwachia Mwangi. Kumbe tulikuwa tumesimama mbele ya mkokoteni wake, anataka kupita. Tukampisha, tukashikana tena.

Siku ya harusi ililetwa nyama ya mbuzi ya mchuzi, na kando yake donge la njano. Mwangi akalibonyeza kwa kidole. Ugali, Mama! Wao wanauita funchi. Ni unga wa mahindi ya njano, yale ya msaada uliyokuwa unasaga wakati wa njaa huku umenuna. Wenyewe wanakula kwa uma. Mwangi akanawa, akamega, akafinyanga, akatia shimo kwa kidole gumba, akachota mchuzi. Meza yote ikageuka kumtazama. Kisha Piet akaweka uma wake chini, akakumbuka Bumula, akamega naye. Punde si punde harusi nzima inakula kwa mikono na suti nyeupe ya Ruben ina mchuzi kifuani. Mwangi alikula sahani mbili, halafu akaniambia unga umesagwa laini mno na angependa kuona ghala lao.

Lakini kilichonifanya nikuandikie kilitokea kesho yake, Jumapili, saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa uani kwa Dona Mirna: sisi wawili, maharusi, na wanawake wawili wa Trinidad, Joan na Cheryl, ambao wameishi pamoja tangu ujana wao na bado wanagombania kiti cha kivulini. Maneno yakaja ya mama wakwe. Joan akasema wake alimnunia mpaka siku alipomwona amepanda juu ya paa anagongelea bati. Piet akasema mamake Ruben bado anampima kwa samaki mwenye miiba mingi. Watu wanacheka, wanapokezana. Cheryl akamgeukia Mwangi. "Na wako je?"

Mwangi akasema, "Wangu alikuwa mzuri sana. Halafu akaninyima mkono mpaka akafa."

Vicheko vikakatika. Unanijua, siwezi kukaa na kimya cha namna hiyo, nikaanza kupayuka ili watu wacheke tena. Nikawaeleza habari zako na Barasa. Jinsi wewe, mwanamke mzito wa kanisa, ukisikia Barasa anakohoa getini unatoka mbio kwa mlango wa jikoni. Ile siku ulijificha nyuma ya ghala la mahindi mpaka mguu ukafa ganzi, tukaja kukuinua. Jinsi unavyomsalimia ukiwa upande wa pili wa ukuta, naye anaujibu ukuta. Jinsi hujawahi kumtaja jina tangu alipomwoa Nafula, ni "yule mtu wa Nafula" tu. Na vile huwezi kula naye chumba kimoja hata uwe unakufa njaa. Wakacheka sana.

"Maskini," Cheryl akasema. "Kwani alimchukia hivyo?"

"Ah, wapi!" nikasema. "Alimpenda kuliko sisi watoto wake. Hiyo ni heshima. Kwetu Wabukusu, mkwe hashikwi mkono na mama mkwe wake. Hamtaji jina, hali chakula naye, hamtazami usoni. Ndiyo unajua kwamba huyu sasa ni..."

Na hapo, Mama, mdomo ukabaki wazi.

Mwangi alikuwa anachambua samaki. Akamweka chini. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Mkono. Jina. Kutazama kando. Kula jikoni. Nilikuwa nahesabu kwa vidole.

"Na ile firigisi?" akauliza.

Ile Krismasi ulituma kuku mzima, na firigisi ikawekwa juu kabisa, upande wa sahani ya Mwangi. Nilidhani mtoto wa Nafula amekosea tu upande, kwamba ilikuwa yangu kama mwanamume wa nyumba tangu baba afariki. "Firigisi ni ya kuheshimu mtu," nikamwambia. "Mkwe hupewa."

Mwangi akashika kichwa. "Wafula," akasema, "mimi nilimpa paka!"

Meza nzima ilipasuka kwa kicheko. Dona Mirna akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Mwangi alicheka, akacheka, halafu nikaona mabega yake yanatikisika vingine, nikajua sasa analia. Nikamshika pale pale mbele ya kila mtu. Alikuwa anasema neno moja tu: "Mkwe. Mkwe. Aliniita mkwe."

Usiniulize kwa nini sikuona mapema. Heshima hiyo ni ya waume wa binti zako. Mimi ni mtoto wako wa kiume. Ningeleta mke ungemshika mkono, ungemwonyesha kisima na kumpa sufuria aoshe. Nani angefikiri kwamba wewe, huko Bumula, bila kumuuliza mtu wala mchungaji, ungelichukua jambo ambalo kwetu halina hata jina, ukalitafutia mahali, na mahali penyewe pakawa pa heshima namna hiyo? Na hukusema. Ulikimbilia jikoni tu na kuficha mkono, ukitegemea mwanao ana akili. Pole, Mama. Ulizaa wa kawaida.

Siku zilizobaki kule Mwangi alikuwa mtu mwingine. Alimwambia muuza barafu habari zako, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa mikono. Alimwambia kila mtu aliyekuwa tayari kusimama. "Mama mkwe wangu," anaanza, na kifua kinatoka mbele. Usiku nilimsikia akilisema neno hilo peke yake bafuni.

Tuliporudi nilimpigia Barasa simu. Niliogopa, sitaki kusema uongo, kwa sababu sikujua anajua nini. Nilizunguka sana, nikauliza mambo ya mkwe na firigisi kana kwamba ni ya mtu mwingine. Barasa akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kupiga kelele. "Sasa ndio unajua? Mimi nilinuna hiyo Klismasi yote! Ati firigisi imenipita, mimi mukwe mukubwa, imeenda kwa kijana wa jana, halafu mutoto wangu ananiambia huyo kijana amepea paka! Nilimuuliza Nafula, mama yenu ameona nini kwa huyu? Akaniambia, nyamaza, amemuona mutoto wake hacheki hivyo na mtu mwingine."

Nilikaa chini sakafuni na simu sikioni.

Nikamwambia tunataka kuja Jumamosi hii, lakini naogopa maneno ya watu, nitasema Mwangi ni nani. Barasa akasema, "Kwani watauliza nini? Ni mimi nimekuja naye. Wakwe huingia pamoja, bana." Kisha akaongeza kwamba mkwe haendi kwa mama mkwe mikono mitupu, hata kama amechelewa, na akakata simu kwa sababu ng'ombe alikuwa ameingia kwenye miwa.

Mwangi ametoka dukani sasa hivi na blanketi la rangi ya maruni, zito, la kukufaa wakati wa baridi ya Julai. Ameniuliza mara ngapi sijui kama rangi hiyo ungeipenda. Litakaa kwenye kitanda chako, na Nafula ndiye atakayelala chini yake akija kulala nyumbani. Amenyoa. Ameuliza kama anaruhusiwa kukuimbia, au hiyo nayo hairuhusiwi. Nimemwambia aulize Barasa, mimi sina mamlaka tena katika ukoo huu.

Basi nakuacha upumzike, Mama. Asante kwa jinsi ulivyotupenda bila hotuba. Naahidi kwamba Mwangi hatabaki tena Kitale mimi nikija kwako, iwe msiba, iwe harusi, iwe siku ya kupalilia tu. Tukija tutakuja wote.

Na jambo moja la Jumamosi, nisije nikasahau. Barasa amemfundisha vizuri. Utaona mimi na Nafula tunakuja mpaka kaburini, tunakugusa. Yeye atasimama kule kwenye ua, pembeni ya Barasa, mikono nyuma, ameangalia kando, na jina lako hatalitaja. Usije ukadhani amekuchukia.

Mwanao,
Wafula