Ngazi Isiyopita Dirishani

Rubondo, Nakivale
Jumapili, baada ya ibada

Yaya Vumilia, dada yangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, nikuambie moja ili usisome huku roho ikiwa juu: mwanao Riziki ni mzima. Anakula, anasoma uuguzi wake, na juzi alinigombeza vile vile unavyonigombeza wewe, mkono kiunoni. Sasa pokea salamu zangu, za Espérance mke wangu, na za watoto wetu wadogo hawa wanaojifunza kuandika jina lako kwenye ukuta wa nyumba. Mvua imetunyeshea kidogo, maharage yameshika. Espérance alikuwa na kikohozi cha vumbi, kinapungua. Na wewe je? Goti linakuachia kulala? Shemeji amepata tena kazi bandarini? Na biashara yako ya mafuta, bado unapanga bidoni, madumu yale ya petroli, mle koridorini, karibu na mlango? Hilo la mwisho ndilo ninalotaka unijibu la kwanza.

Barua hii anakuletea Mama Dorika, yule muuza vitenge anayepitia Burundi kuja huko nyumbani, kwa sababu simu yako kila nikipiga haipatikani. Amebeba pia kifurushi kizito kilichoshonewa ndani ya kitambaa cha bluu. Tafadhali usikifungue kwanza. Najua sasa hivi unakibinya kwa vidole. Kiache, soma.

Yaya, siku hizi situlii. Espérance anasema nakaa kwenye kiti kama mtu aliyekalia upupu. Leo kanisani, wakati pasta anahubiri, nilikuwa nayapima madirisha kwa macho, nikajikuta nimesimama peke yangu watu wote wamekaa. Kwaya ilicheka. Wao sikuwaeleza, nakueleza wewe.

Kazi yangu unaijua. Wiki nzima niko Mbarara, kwenye karakana ya Salongo, tunachomelea mageti, milango ya chuma na grili za madirisha, zile ambazo kwetu tunaita antivoli. Jumamosi narudi huku kambi ya wakimbizi kwa familia. Siku moja mchana, hatua chache tu kutoka karakana, duka la magodoro lilishika moto. Chini ni duka, juu ni vyumba vya kupanga, na ngazi ya kushukia ni moja, imepita nyuma ya magodoro. Moshi uliizuia mara moja. Tulitoka wote, mafundi wa mtaa mzima, tukasimama barabarani tunatazama juu. Mtu mmoja alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa baraza la juu. Tulipiga kelele angoje, tukakimbilia ngazi zetu za mbao, na tuliporudi nazo alikuwa ameshajirusha. Yuko hai, ila miguu yote miwili ilivunjika. Niliisikia ikivunjika, Yaya, na bado naisikia nikinywa chai.

Pale pale nilimfikiria Riziki. Chumba chake kiko ghorofa ya juu kabisa, hosteli ya Mama Kyomugisha, kule kule Mbarara. Mimi ndiye niliyemchagulia hosteli ile, nawe ulinishukuru sana, kwa sababu naijua: kazi yote ya vyuma ya jengo lile ilipita mikononi mwangu, na wezi hawajawahi kuingia. Ngazi ya kushukia nayo ni moja, na jiko liko chini yake. Nilisimama barabarani nikiwa na ngazi ya mbao begani, nikajiambia kwamba mtoto wa dada yangu hatajirusha kutoka kwenye jengo nililomweka mimi.

Nikaanza kuunda ngazi ya kukunja. Wazo lilikuwa hivi: ikae chini ya kitanda imekunjwa, moto ukitokea uitoe dirishani, ndoano zake mbili zishike ukingo, yenyewe ijikunjue mpaka chini. Ya kwanza niliifanya kwa chuma cha bapa, ikawa nzito hata mimi mwenyewe nilihema kuinyanyua. Ya pili nilitumia mabomba membamba ya mraba, nikaunga vipandio kwa vipande vilivyofungwa na boliti, vikawa vinalala kimoja juu ya kingine. Hiyo ilikuwa nyepesi lakini ilijinyonga, ukiikanyaga inakugeuza uso kwa ukuta. Nikaongeza vifimbo vifupi vya kuitenga na ukuta, ili vidole vya miguu vipate pa kuingia. Salongo aliniambia waziwazi kwamba kichwa changu kimeingia maji. Nilikuwa nikiunga geti la mteja, nachora ngazi kwa chaki kwenye geti hilo hilo, na mara mbili nilimpelekea mtu mlango wake ukiwa bado na michoro yangu.

Jumamosi moja nikaibeba mpaka Nakivale kuijaribu. Fikiria, Yaya, mtu anaingia na ngazi ya ghorofa kwenye kambi ambayo paa za nyumba unazigusa kwa mkono! Kuanzia kituo cha Base Camp watu walinisindikiza kwa maneno. Mzee mmoja Mrundi aliniuliza kwa upole kama nimeitwa mbinguni. Nilicheka nao, nikaenda kuifunga juu ya ukuta wa kanisa letu jipya, ule ambao bado haujaezekwa. Nikashuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaning'iniza gunia la maharage na madumu ya maji, ikashika. Nilijisikia mkubwa.

Ndipo Espérance akaitazama, akaniambia, "Umetengenezea wanaume. Mama mwenye kikwembe na mutoto ku mugongo atapitisha muguu wapi?" Akapanda ukutani kwa upande wa jukwaa la mafundi, akajaribu, na kweli, kikwembe, yaani kitenge alichovaa, kilimfunga magoti, mguu haukufika kipandio cha pili. Hakuna mwanamume yeyote aliyekuwa pale ambaye angeliona hilo. Nikabomoa ngazi yote nikasogeza vipandio karibu karibu. Alishuka tena akiwa na mtoto wa jirani mgongoni, polepole, na akina mama wakapiga vigelegele. Siku ile, Yaya, niliamini nimemaliza.

Mama Kyomugisha nilimbembeleza siku nyingi mpaka akakubali tuionyeshe hostelini. Ni mama mgumu lakini wa haki. Wasichana walikusanyika uani, Salongo naye alikuja, nadhani alikuja kuniona nikiaibika. Ngazi nilikuwa nimeshampelekea Riziki chumbani tangu asubuhi. Mimi nikasimama chini, mikono nimeifunga kifuani kama injinia, nikamwambia aitoe.

Alifungua vioo. Akainua ngazi. Ikagonga chuma, nkwaa. Akaigeuza wima, ikagonga. Akaigeuza kwa ubavu, ikagonga. Nilimpigia kelele asukume. Akasukuma, halafu akaacha. Akaiweka ngazi chini, akashika nondo mbili za antivoli kwa mikono, akanitazama.

"Mujomba," akasema, "mimi mwenyewe nipitie wapi?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Zile nondo nilizikata mimi, nikazichomelea mimi, kila kona nikairudia mara mbili ili mwizi asipate pa kuanzia, na kila siku nilipopita pale nilizitazama kwa kujisifu. Nilipima urefu wa ukuta, nikapima uzito, nikapima hata hatua ya mwanamke mwenye kikwembe, na dirisha lenyewe sikuliona. Kwetu sisi mafundi wa vyuma, antivoli ni sehemu ya ukuta. Dirisha lisilo nayo ndilo tunaliona lina kasoro. Nilijaribu ngazi juu ya ukuta mtupu wa kanisa, ambao hauna hata fremu, nikajipongeza. Yaya, niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu nilielewa kwamba mimi ndiye niliyemfungia mwanao mle ndani.

Nikasema hapo hapo kwamba nitazikata, nifanye antivoli za kufunguka kwa ndani, zenye bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, komeo lifunikwe kwa bati ili mkono wa mtu wa nje usilifikie. Mama Kyomugisha akakataa. "Fundi, mimi iko na wasichana mingi hapa," alisema. "Mwizi ikiingia, wazazi wao nitaambia nini?" Salongo alimuunga mkono, na jioni hiyo karakanani aliniuliza kama nina akili, kwamba nikianza kuwaambia watu antivoli zetu ni mtego, mimi na yeye tutakula nini. Wote wawili walikuwa na haki yao, na hilo lilizidi kuninyima utulivu.

Riziki hakunituliza pia. Alikuja karakanani kesho yake baada ya masomo, mkono kiunoni, akaniambia kwamba yeye mwenyewe anaweza kuhama, lakini wenzake nane wa ghorofa ile watahamia wapi, na kwamba fundi aliyefunga ndiye anayejua pa kufungulia. Kisha akaenda zake, hata soda hakuinywa. Umezaa mtu, Yaya.

Nilirudi kwa Mama Kyomugisha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu sikumweleza tena habari za bawaba. Nilimuuliza tu yeye mwenyewe analala chumba gani. Akanionyesha kwa kidole: ghorofa ile ile ya juu, mwisho wa ushoroba, dirisha lenye maua niliyoyakunja kwa chuma cha duara kwa sababu alitaka lake lipendeze kuliko yote. Alikuwa na ufunguo mkononi, anaugeuzageuza.

"Anza na yangu," akasema.

Nikaanza na lake. Mpaka sasa nimemaliza ghorofa ya juu yote. Riziki ameshuka kwa ngazi mara mbili, mara ya pili akiwa amefumba macho, kwa sababu anasema kwenye moshi macho hayasaidii. Komeo analifungua bila kulitafuta. Kwa hiyo kuhusu mwanao tulia.

Mimi ndiye sijatulia. Kila mtaa wa Mbarara ninaopita, naona kazi yangu madirishani, na nyuma yake naona pazia, na nyuma ya pazia kuna mtu. Nimeanza kuwarudia wateja wa zamani baada ya saa za kazi. Wengine wananisikiliza. Kule Bwizibwera, kwa mtu mwenye vyumba juu ya kituo cha maziwa, nilisimama natazama madirisha yake nikichora kwenye karatasi, akadhani nawapelelezea wezi, akanikimbiza mpaka stendi na fimbo ya ng'ombe. Cheka, nakuruhusu. Nitarudi tena, safari hii nitaanza kwa kubisha hodi.

Lakini kuna madirisha mawili ambayo siwezi kuyafikia kwa miguu yangu.

Unayakumbuka, Yaya. Wiki ile ya mwisho, baada ya watu wenye silaha kupita kwa jirani, uliniomba nikufungie nyumba kabla sijaondoka. Nilichukua nondo za baraza la jirani lililoanguka, nikafunga dirisha lako na dirisha la watoto. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na woga, kwa hiyo nilichomelea kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuchomelea popote. Ulinipiga picha nimesimama mbele ya dirisha lako, ninayo mpaka leo. Nilivuka mpaka nikijiambia kwamba angalau dada yangu nimemwacha salama. Na sasa wewe na watoto mnalala ndani, madirisha mawili yamefungwa kwa mkono wangu, mlango ni mmoja, na kwenye koridori ya mlango huo huo kuna bidoni za petroli, na mbabula, lile jiko lako la mkaa, iko hatua mbili tu. Tangu siku ile Riziki aliponiuliza apitie wapi, sauti ninayoisikia ni yako.

Sikuambii uziondoe kabisa. Najua wanaopita huko na kwa nini tuliziweka. Sasa fungua kifurushi. Ndani mna bawaba nne na makomeo mawili, nimeyatengeneza mwenyewe, na bati la kuyafunika. Na karatasi yenye mchoro. Mpe fundi yeyote mwenye mashine pale bandarini. Ngazi huihitaji, nyumba yako iko chini. Unahitaji dirisha tu. Akilalamika kwamba chuma kinamsumbua kukata, mwambie aliyekiunga alikuwa anakupenda na alikuwa anatetemeka. Na bidoni, Yaya, leo hii zitoe nje ya koridori, hata kama barua hii bado iko mkononi.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo Josephine aliyekuwa akitupikia dagaa, na papa mkubwa, kaka wa baba, aliyenifundisha kushika tindo, mwambie mwanafunzi wake amekosea na anarekebisha. Watoto wabusu wote. Espérance anakutumia kitambaa hicho cha bluu, ni cha kikwembe alichovaa siku ile ukutani, ushonee mmoja wao gauni.

Fundi akimaliza, usiishie kulitazama dirisha. Zima taa, fumba macho, wewe, shemeji, na kila mtoto kwa zamu, afungue komeo mwenyewe atoke nje kwa dirisha. Hata kama majirani watacheka. Mkishapita wote, mtafute Mama Dorika kabla hajaondoka, umpe neno moja aniletee: tumepita.

Ni mimi mdogo wako aliyekufungia,
Baraka