Sherehe Uliyoniachia Niivuruge

Mwanangu Mwende,

Nimekasirika, na sina mwingine wa kumwambia.

Ulipokuwa umelazwa uliniomba niumalize mchezo wako. Nikakubali, nani angekataa? Sasa kila Jumamosi mchana ninaketi katika chumba chako cha Kianda, hapa Kibera, mwalimu mzee mzima, nikiwasimulia vijana wako watatu, Kevo, Brayo na Atieno, habari za nchi uliyoibuni. Mimi husema kinachotokea, wao husema mashujaa wao wanafanya nini, nazo dadu huamua kama wamefaulu. Kanuni nimezielewa. Watu wako ndio sijawaelewa.

Ulisema sherehe ya hadhara ndiyo roho ya hadithi: kusanya watu wote mahali pamoja, kisha ivuruge. Basi niliandaa kutawazwa kwa mfalme. Nilipanga baragumu, hotuba na kiti cha kila mgeni. Kevo akapiga miayo. "Mwalimu, hii ni kutawazwa ama ni siku ya wazazi shuleni?" Nikaendelea. Mfalme alipoinamisha kichwa apokee taji, moshi ukalipuka jukwaani. Nilitarajia mashujaa wapande wamwokoe.

Wakatoroka! Wote watatu, hata sijamaliza sentensi. Nikauliza, "Na mfalme je?"

Kevo akacheka. "Mzee, moshi ikitoka kwa mkutano, mtu wa Kibera haulizi ni ya nani. Ni mbio mpaka Ayany!" Wakagongeana mikono. Msaliti niliyemwandaa kwa wiki nzima akabaki jukwaani bila mtu wa kupigana naye.

Jumamosi iliyofuata nilijaribu sikukuu ya mavuno. Farasi wakavunja vibanda. Wakakimbia tena. Kisha Brayo akasema, kwa upole ulioniuma kuliko kicheko cha Kevo, kwamba labda tuache tu, kwa kuwa mchezo ulikuwa wako. Wakakubali kuja mara moja zaidi, kwa heshima.

Ningewaachaje waende? Nyumbani wageni wakikutaja hushusha sauti. Pale chumbani wanakutaja wakicheka.

Atieno alitoka wa mwisho. Unajua ulimi wake. Kuuza dagaa wa omena sokoni Kisumu Ndogo kumeunoa. "Baba Mwende, hata mimi hukimbia. Lakini karai yangu ya omena siachi. Sasa huyo mfalme wako, ni wa nani kwetu?"

Niliudhika njia nzima. Mwanafunzi wa jana kunisahihisha! Lakini alisema kweli. Niliwaalika kwenye sherehe ambayo hawakuwa na chao ndani yake.

Kwa hiyo jana nilimzika Nzilani. Ndiyo, yule mhunzi uliyemwigiza kwa sauti ya nyanya yako, aliyewafulia silaha zao zote. Usininung'unikie. Wewe ulikuwa sauti yake, nami siwezi kuiiga.

Sikuandaa hotuba. Nilimwuliza kila mmoja amekuja na nini mazishini. Kevo akasema amebeba nyundo ya marehemu. Brayo akasema yuko chini ya jeneza, upande wa kichwa. Atieno akasema yeye anapika, na mtu asimgusie sufuria. Ndipo nikawaleta askari wa mfalme: mazishi yamepigwa marufuku, mwili urudishwe mjini.

Nilitamani wakimbie, Mwende. Nilikuwa nimechoka kulitamka neno mazishi tangu yako.

Kevo akainuka, yeye mwenyewe, kiti chake kikaanguka. "Hapa hatutoki." Brayo akasema jeneza haliteremshi begani ng'o. Atieno alikuwa analia na kuwatukana askari kwa Kijaluo, nami sikumkataza.

Hatukumaliza. Askari wamelizunguka kaburi, na sijui la kufanya Jumamosi ijayo. Hilo hukunifundisha, na bado nimekukasirikia. Ulikuwa na haraka gani? Lakini walipoondoka, hakuna aliyesema tuache. Walikuwa wakibishana barabarani nani atashika mlango wa makaburi.

Pumzika, mwanangu. Nzilani tutamzika, hata askari wawe wengi namna gani.

Baba yako