Mitambo ya Visima Iliyogeuzwa Isaka

Jumamosi jioni, kijijini kwetu, ng'ambo ya Kolandoto. Kiangazi.

Vumbi limenikaa hadi kwenye kope. Mvua hakuna, na mwaka huu mimi mwenyewe nimechangia kiu ya nyumbani. Sijutii. Nimeona niandike hilo kwanza.

Nilikuwa balozi katika miji mikuu mitatu kabla ya kupewa Wizara ya Mambo ya Nje. Katika mji wa kwanza, mwenye nyumba aliponiona uso, nyumba ikawa imeshapangishwa. Katika wa pili, mlinzi alinielekeza mlango wa wapishi nikiwa nimevaa suti ya karamu. Nilijifunza kutabasamu.

Mwezi uliopita balozi wa nchi moja tajiri alikuja ofisini kwangu Dar es Salaam. Alijua kwetu ni Shinyanga. Alijua hata jina la kijiji. Akasema mitambo yao ya kuchimba visima imeshafika stesheni ya Isaka na ingeanzia kwetu. Ila serikali yake ingefurahi kama tungeliondoa lile azimio letu la kuwawekea makaburu wa Afrika Kusini vikwazo.

Nilimwambia mitambo yake aigeuze.

Ikageuzwa kweli.

Leo nimekuja kuwaambia ndugu zangu mwenyewe, wasije wakasikia kwa watu. Nilisimama uani kwa dada yangu mkubwa, Mama Masanja, aliyenilea tangu mama alipofariki. Majirani walikuwa wamekaa kwenye vigoda. Nikaeleza yote, na kwamba Jumatatu nitalihutubia Baraza la Umoja wa Mataifa kuhusu azimio hilo. Hakuna aliyepiga makofi. Jirani mmoja aliinuka akaondoka bila kuaga, na simlaumu. Ng'ombe wake wamebaki mifupa.

Dada ndiye aliyeuliza. "Hao watu wa kusini unaowapigania, wanatujua sisi?"

"Hawatujui, dada."

"Na mimi nitaendelea kuchota lamboni, maji yaleyale wanayokanyaga ng'ombe."

"Ndiyo, dada."

Hakuna ukumbi niliowahi kuhutubia ulionitisha kama ua ule. Dada akachukua ndoo yake.

"Basi ukifika huko usinong'one. Kiu ni yetu. Na wasikie."

Hakuniambia kama amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Lakini ameniona hadi ndani. Kazi yangu yote imekuwa kunong'ona: kulainisha, kuomba radhi pasipo kosa, kuuita unyama "hali inayotia wasiwasi". Hata hotuba ya Jumatatu niliandikiwa hivyohivyo.

Nimeikatakata. Palipoandikwa wasiwasi nimeandika kwamba watu wanauawa. Nimeitaja kwa jina nchi inayowauzia wauaji bunduki, ileile ya mitambo.

Wasaidizi wangu watasema nimejiharibia. Huenda. Wakubwa wakiutaka uwaziri, wauchukue. Nilizaliwa bila huo.

Jumatatu nitasimama mbele ya mataifa yote na kuisoma kwa sauti ile tuliyokuwa tukiitia ng'ombe mbugani.