Wino ni kwa Mwenye Uhakika

Nyumbani, karakana ya mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kifutio,

Pokea salamu za dada yako, na za wote uliotuacha hapa. Hujambo lakini? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimepona, au bado unakohoa na kujifanya shujaa? Unijibu kweli, usinipe ile "mzima kabisa" yako. Huku tu wazima sote isipokuwa baba, na habari zake ndizo zilizonikalisha kitako leo, cherehani nimeifunika.

Usiikunje barua. Najua ukiona neno "baba" unatafuta pa kuitupa. Mwaka wa tatu huu unaniandikia kazini kwangu ili barua zako zisipite mlangoni kwake, na mimi nimenyamaza nikijidai sina upande. Leo sinyamazi. Soma mpaka chini kabisa, hata chini ya pale nitakapoaga, ndipo uamue.

Macho ya baba yanakwisha. Ni presha ya macho, imemla polepole wakati sisi tunadhani ni uzee tu. Jicho la kushoto halioni kitu. La kulia linaona mwanga wa dirisha, na linaona uso wa mtu akimsogelea karibu kabisa. Fundi saa mzima, aliyekuwa akiokota skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, sasa anapapasa kikombe mezani. Nikimwona hivyo natoka nje, nalia, narudi.

Alhamisi ya tarehe 20 atapasuliwa hilo la kulia. Daktari wake ni mama asiyepaka maneno sukari. Ametuambia likikubali, atabaki na huo uoni kidogo alionao. Likikataa, ni giza moja kwa moja.

Unajua alichokililia kwanza? Si kazi. Ni sudoku yake, lile fumbo la namba la gazeti la Jumamosi! Basi kila alasiri namsomea mstari kwa mstari, naye anavishika visanduku vyote themanini na kimoja kichwani, mimi ni mkono tu wa kuandika. Sheria yake unaikumbuka, ulilelewa nayo: penseli ni ya namba inayowezekana, wino ni kwa mwenye uhakika. Na wewe ndiye uliyekuwa ukifuta penseli hadi gazeti linatoboka, jina likakuganda.

Mimi nilikuwa nabahatisha. Kisanduku kikiwa na namba mbili zinazowezekana, nachagua ninayoipenda. Baba akawa mkali kweli. Akaanza kunifundisha zile mbinu za wakubwa, ambazo zamani mlikuwa mnanong'onezana nyie wawili huku mimi nikiitwa jikoni. Akanipa pacha: visanduku viwili vya mstari mmoja vikibakiwa na mbili na nane tu, basi hizo ni zao, futa mbili na nane kwingine kote kwenye mstari huo.

Halafu akanipa "meza" yake. Chukua saba, akasema. Kwenye mstari mmoja wa kulala saba ina nafasi mbili tu. Kwenye mstari mwingine wa kulala nako ina nafasi mbili tu, na zimekaa chini ya zile za juu, sawasawa, kama miguu minne ya meza. Basi saba za mistari hiyo lazima zisimame kwenye miguu hiyo, kona kwa kona. Saba nyingine yoyote kwenye safu hizo mbili za kusimama, ifute. Hujajua saba iko mguu gani, ila umeshajua pasipo na saba. Siku nilipoipata peke yangu nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa jambo lenyewe.

Wiki tatu zilizopita ile saa kubwa ya ukutani humu karakana ilisimama. Baba hawezi kupanda stuli, nikapanda mimi, nikaishusha, nikafungua mgongo wake. Ndani, nyuma ya kile kisahani kinachobembea, palikuwa na kitambaa cha manjano kimefungwa fundo. Nikakifungua. Mdogo wangu, ilikuwa saa ya yule mwalimu mstaafu. Ile ile aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ile uliyofukuziwa.

Nilimwekea baba kiganjani. Akapitisha kidole kwenye ule ufa wa pembeni, akaijua. Mwaka ule, wiki ile ilipopotea, alikuwa na homa ya kutetemeka na hataki kulala. Aliificha mwenyewe isichanganyike na za wateja wengine, kisha homa ikamsahaulisha. Baada ya kuishika, siku mbili hakugusa sudoku, wala chakula hakukimaliza.

Siku ya tatu akaniambia nisome. Nikasoma, nikaandika, na tulipokaribia kumaliza nikajikuta na nne mbili kwenye mstari mmoja, na kila namba huingia mara moja tu. Nikataka kuibadilisha ile ya mwisho. Akanikataza.

"Hiyo ya mwisho haina kosa. Rudi nyuma. Tafuta namba uliyoifuta mwanzoni bila ushahidi."

Nikaanza kutafuta. Nilipoinua uso, machozi yanamshuka.

"Wenye funguo za kabati la saa za wateja tulikuwa watatu," akasema. "Wa kwanza kumfuta nilikuwa mimi. Sikujikagua hata kidogo. Kisha nikakufuta wewe, kwa kuwa unanipikia. Akabaki mdogo wako. Na nikaandika kwa wino."

Kifutio, na mimi nina langu. Nilijua hukuiba. Nilijua siku ile ulipobeba begi lako, ukasimama hapo mlangoni ukiningoja niseme neno. Nikajifanya nashona. Sikuwa nashona kitu, sindano haikuwa hata na uzi. Nisamehe, ndugu yangu. Nimeibeba aibu hiyo na ni nzito.

Saa tumeirudisha. Nilimshika baba mkono hadi kwa mwalimu, na akamweleza mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wajukuu wa watu, kwamba mwanawe hakuiba na mwizi hakuwapo. Sikuwahi kumsikia baba akikiri kosa, na wewe hukuwahi.

Sikuamrishi usamehe, wewe ndiye uliyelala na jina la mwizi miaka yote hiyo. Naomba tu ufike kabla ya tarehe 20. Ukichelewa, pengine atakusikia sauti lakini uso hatauona tena, na uso alionao kichwani ni ule aliokufukuza nao. Ukija, msogelee upande wa kulia.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Mwalimu mstaafu anakusalimu kwa heshima, ameniagiza niandike hivyo hivyo. Jirani wa kelele naye yumo. Mungu akulinde barabarani, akulainishie moyo pale sisi tulipoufanya mgumu.

Mstari ulio chini ya pale ninapoaga si wangu. Nilipomwambia baba nakuandikia, alinyoosha mkono. Nikampa penseli. Akaipapasa, akanirudishia, akataka kalamu ya wino. Hakukubali nimshike mkono, ndiyo maana herufi zimepandana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokaa kimya.

Mwanangu hukuiba. Nilikosea mimi. Njoo nikuone.
Baba