Shore Aliyedonoa Papai

Mjukuu wangu Zawadi,

Huku Ujiji sote wazima, mama yako anakusalimu. Lakini swali lako limeniudhi! Eti nikufundishe kutega ulimbo, kisa shore, yule ndege mdogo wa kichwa cheusi na kishungi, anadonoa mapapai yako?

Nilipokuwa msichana kule Kalinzi, baba mdogo alipaka ulimbo kwenye mipapai. Shore wakanasa wote, naye akacheka. Msimu ule viwavi wakatafuna maharage yetu hadi majani yakabaki mishipa mitupu. Bibi yangu akamfokea: "Akila papai ulimwona. Alipokuwa akiokota viwavi shambani, ulikuwa wapi?"

Hasira ile ninayo mpaka leo. Papai likidonolewa, kata hapo, ule panapobaki. Ukitega ulimbo, kwangu usije kula maharage.

Bibi yako