Mama Neema kwenye meza ya eksirei

Alhamisi, Musoma. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua haishuki. Na mimi niko hivyohivyo.

Sijisifu, shajara, unanijua. Lakini Musoma nzima, wa kumtuliza mgonjwa kwenye eksirei ni mimi, mhudumu niliyeishia darasa la sita. Mvuvi wa Rukuba namwambia alale kama yuko kwenye mtumbwi mwembamba na upepo umeanza. Hata kope hachezeshi. Mfugaji wa Butiama namwambia fahali mkali ananusa kisogo chake. Huyo huwaga hapumui mpaka nimkumbushe. Waliobaki nawamaliza kwa utani.

Leo mlango umefunguka, ameletwa mke wangu.

Mama Neema alihamia Bunda na binti yetu mara tu mitumba iliporuhusiwa. Alisema mshahara wangu ni wa sabuni, tena ikipatikana. Sasa ana meza yake ya mitumba hukohuko, soko la Kabasa. Jana kadondoka kutoka juu ya lori pamoja na robota la nguo, nyonga ikavimba.

Filamu ilikuwa imebaki moja. Nyingine zitakuja lini, anajua Mungu. Akitikisika, picha inatoka ukungu mtupu, na yeye anarudi Bunda bila kujua kama amevunjika.

Nikamlaza, nikambana mguu kwa vifuko vya mchanga nilivyoshona mwenyewe. Halafu nikakwama. Huyu si mtu wa mtumbwi wala wa ng'ombe. Nikamwambia lile lori nalo limelazwa, wodi ya pili, hali yake mbaya. Akacheka, akatikisika, akaishika nyonga kwa maumivu. Mpiga picha akaniita kutoka nyuma ya ukuta, anauliza tunangoja nini.

Mama Neema akaniangalia.

"Baba Neema, nyamaza wewe kwanza. Mimi nitatulia."

Nikanyamaza.

Akatulia. Miaka yote ile nyumbani sikuwahi kumwona ametulia vile.

Picha imetoka safi, mfupa mzima. Wote wakamshukuru Mungu. Mimi nilichelewa kidogo.

Maana angevunjika angelazwa hapa, jioni nampelekea ugali na sato, namchambulia miba.

Mchana kapanda gari la Bunda na mkongojo wa wodini. Hakusema karibu. Hakusema usije.

Jumamosi sina zamu. Nitaenda Kabasa, nikae kando ya meza yake nikunje nguo. Utani nitauacha huku Musoma.

Nitaweza kweli, mpaka jioni?